Maswali Yenu: Jacob Riis na Vita vya Vyumba Visivyo na Dirisha

Toleo lililopita tulichapisha makala fupi kuhusu Jacob Riis, mwandishi wa habari za polisi wa New York ambaye mwishoni mwa karne ya 19 alishikilia bango mpaka Mulberry Bend, mtaa mmoja wa nyumba chakavu za kupanga, ukabomolewa na mahali pake pakawekwa bustani. Barua zilizofuata zilionyesha kwamba wasifu wake peke yake haukuwatosha. Mlitaka kujua kazi ile ilifanywaje, iliharibika wapi, na nini kinafaa kuchukuliwa na watu wa mitaa yetu. Haya ndiyo maswali tuliyoyachagua.

*Makala yenu ilianza Riis akiwa tayari na jina. Alitoka wapi, na mwandishi wa kawaida alipataje nguvu ya kusikilizwa na wakubwa?*
— Mwanafunzi wa uandishi wa habari, Mwanza

Alizaliwa Ribe, Denmark, mwaka 1849, akajifunza useremala, akavuka bahari kwenda Marekani mwaka 1870. Miaka ya mwanzo ilikuwa ya vibarua na njaa, na usiku mwingine alilala kwenye mabweni ya wasio na makazi yaliyokuwa ndani ya vituo vya polisi. Mwaka 1877 gazeti la New York Tribune lilimwajiri kuripoti habari za polisi. Baadaye akahamia Evening Sun.

Nguvu yake ilianzia mahali alipokaa. Ofisi ya waandishi wa habari za polisi ilikuwa mtaa wa Mulberry, mkabala na makao makuu ya polisi, na idara ya afya ilikuwa hapo hapo. Kwa hiyo alikuwa na daftari la uhalifu mkono mmoja na daftari la vifo mkono wa pili. Wenzake waliandika "mtoto amefariki mtaa wa fulani". Yeye aliweza kuonyesha nyumba ambamo watoto walikuwa wakifa mfululizo, na akajua mwenye nyumba ni nani. Theodore Roosevelt alipokuwa mkuu wa bodi ya polisi ya jiji, 1895 hadi 1897, Riis alimtembeza usiku mitaani, na mwaka 1896 yale mabweni ya polisi yalifungwa. Riis alifariki 1914.

Ukitaka kuiga kitu kimoja tu kwake, iga mazoea ya kusoma taarifa za ofisi ambazo hakuna mwandishi mwingine anayezifungua: taarifa ya wiki ya idara ya afya, kumbukumbu za baraza la madiwani, matokeo ya vipimo vya maji.

*Kamera za 1888 zilikuwa masanduku. Alipataje picha chumbani usiku wa manane? Na sisi tunaotumia simu, tutaonyeshaje kwamba chumba ni giza kweli? Simu za sasa zinang'arisha kila kitu.*
— Mpiga picha, Kisumu

Kabla ya 1887 picha ya chumba cha giza ilihitaji lenzi iachwe wazi muda mrefu, na hakuna mtu anayekaa tuli muda wote huo. Mwaka huo Wajerumani wawili, Adolf Miethe na Johannes Gaedicke, walitangaza unga wa mwako wenye magnesi na potasiamu kloreti, unaowaka mara moja kwa mwanga mkali. Riis aliisoma habari hiyo gazetini. Alimwendea Dakta John Nagle wa idara ya afya, aliyependa upigaji picha, na Nagle akawaleta wenzake wawili, Henry Piffard na Richard Hoe Lawrence. Wakaanza kuingia vyumbani usiku.

Mwanzoni unga uliwekwa kwenye risasi na kufyatuliwa kwa bastola. Fikiria mtu amelala sakafuni na wenzake kumi, mlango unafunguliwa, kundi la wanaume linaingia, bastola inalia. Watu walikimbia kupitia madirishani. Riis akaacha bastola, akawa anauwashia unga kwenye kikaangio. Hofu ilipungua, moto haukupungua: mara mbili alitia nyumba moto, mara moja akajiwasha mwenyewe, na safari hiyo hiyo unga ulimlipukia usoni, macho yakanusurika kwa miwani. Mchanganyiko ule huweza kuwaka kwa msuguano tu, hivyo asijaribu mtu kuutengeneza kwa sababu ya kupenda historia.

Januari 1888 alinunua vifaa vyake mwenyewe kwa dola 25: kamera ya sanduku ya inchi 4 kwa 5, vishikio vya mabamba ya kioo, stendi, na vyombo vya kusafishia na kuchapishia picha. Majaribio yake ya kwanza aliyafanya makaburini, kisiwa cha Hart, na bamba likaungua kwa mwanga kupita kiasi. Magazeti wakati huo hayakuwa na njia nyepesi ya kuchapa picha, kwa hiyo Februari 1888 gazeti la Sun lilitoa michoro 12 iliyonakiliwa kutoka kwenye picha zake. Mchoraji akinakili hulainisha; uso uliochoka unakuwa uso wa kawaida. Ndiyo maana Riis alitegemea sana mihadhara makanisani, ambako alionyesha picha zenyewe ukutani kwa taa ya kuonyeshea.

Sasa simu yako. Unachosema ni kweli: programu ya kamera hupandisha mwanga bila kukuuliza, na picha ya chumba cheusi inatoka kama sebule. Fungua sehemu ya kupanga kamera mwenyewe, zima hali ya usiku, zima flashi, zima uchanganyaji wa mwanga wa HDR. Weka ISO (kiasi cha kamera kuhisi mwanga) 400 na kasi ya 1/60 ya sekunde, usiviguse tena. Piga picha ya kwanza saa sita mchana kwenye chumba chenye dirisha cha nyumba hiyo hiyo, karatasi nyeupe ya A4 ikiwa ukutani. Ingia chumba kisicho na dirisha, funga mlango, zima taa, weka karatasi ile ile umbali ule ule, piga. Picha mbili zikikaa ubavu kwa ubavu, mpangilio ule ule, wakati ule ule, hakuna afisa atakayesema umechezea mwanga. Usipige picha ya ulinganisho uani kwenye jua: kwa mpangilio huo itatoka nyeupe tupu na haitathibitisha kitu.

Jambo moja la Riis usilifuate. Aliingia kwa watu bila hodi na bila ridhaa. Kenya ina sheria ya kulinda data binafsi tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, na hata kama zisingekuwepo, mpangaji ambaye uso wake umetoka gazetini ndiye wa kwanza kupewa notisi na mwenye nyumba. Omba ridhaa, eleza picha itatumika wapi, na uondoe alama ya mahali kwenye faili kabla ya kuituma kwa mtu yeyote.

*Mlitaja kwa mstari mmoja kwamba Riis alifichua uchafu wa maji ya jiji zima. Alifanyaje? Bomba la kwetu linatoa maji kwa mgao, na kila msimu wa mvua watoto wanaharisha. Tukilalamika tunaambiwa maji ni salama.*
— Mama mwenye nyumba, Mbagala

Shikamoo mama. Mstari mmoja haukutosha kweli, maana hii ndiyo kazi yake bora kuliko zote.

Kiangazi cha 1891 Riis aliona kwenye taarifa ya wiki ya idara ya afya maneno machache tu: maji ya mto Croton, yanayonywewa na New York, yana dalili ndogo ya nitriti. Wiki iliyofuata, hivyo hivyo. Wengine waliyapita. Yeye alimuuliza mkemia maana yake. Majitaka yakiingia kwenye maji huleta amonia; bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitriti kuwa nitrati. Nitriti haikai muda mrefu, kwa hiyo ikionekana inaashiria kwamba uchafu umeingia karibuni.

Alichukua kamera, akapanda juu hadi kwenye vyanzo, akafuata kijito kimoja baada ya kingine kinachoingia Croton, akipiga picha vyoo, mazizi na mifereji ya miji midogo inayomwaga humo. Kisha akawauliza madaktari: kijidudu cha kipindupindu huishi siku ngapi kwenye maji yanayotembea? Takriban siku 7. Maana yake, kikiingia kwenye vijito vile kingeweza kufika jijini kikiwa bado hai. Gazeti la Evening Sun likachapisha yote mwezi Agosti 1891, na jiji likalazimika kununua ardhi kandokando ya vijito ili kukinga maji.

Angalia alivyopanga ushahidi: kipimo cha serikali yenyewe, maelezo ya mkemia, picha ya kila mahali uchafu unapoingia, na hesabu ya siku. Wewe unaweza kufanya hivyo hivyo kwa mtaa mmoja.

Usianze na bomba lako peke yake. Chukua sampuli pointi nne siku moja: karibu na tangi au bomba kuu, katikati ya njia, bombani kwako, na kwenye ndoo au pipa mnalohifadhia. Ikiwa uchafu unaonekana kwenye pipa tu, tatizo ni chombo na kata ya kuchotea. Uchafu ukianza kuonekana katikati ya njia, bomba limetoboka. Maji ya mgao yana hatari yake ya pekee: maji yakikatwa, bomba linabaki bila msukumo na hufyonza maji ya mtaro kupitia ufa wowote, yakirudi, hayo ya mtaro ndiyo yanayotangulia kutoka. Ndiyo sababu mvua zikinyesha watoto wanaharisha.

Chupa upewe na maabara, tasa, ya angalau mililita 100, na kwa maji ya bomba iwe na sodiamu thiosulfati ya kuua klorini; klorini ikibaki itaendelea kuua vijidudu njiani na jibu litatoka zuri kuliko ukweli. Ondoa mpira kwenye bomba, futa mdomo wa bomba kwa spiriti, acha maji yatiririke dakika 1 hadi 2. Usiguse ndani ya chupa wala kifuniko, na acha nafasi ya sentimeta 2 hivi juu. Andika saa, mahali na hali ya mgao. Weka kwenye kisanduku cha barafu, ifike maabara ndani ya saa 6. Ikipita saa 24 jibu halina maana. Kosa tunaloliona mara nyingi ni sampuli iliyochukuliwa kupitia mpira wa kumwagilia: inapima uchafu wa mpira.

Omba vipimo viwili angalau. E. koli, kijidudu kinachoonyesha kwamba kinyesi kimeingia majini, kwenye mililita 100 iwe 0. Klorini iliyobaki bombani isipungue miligramu 0.2 kwa lita. Nitriti ni nyongeza: ikiwepo inakuonya, lakini isipokuwepo haimaanishi maji ni salama. Kama mnatumia kisima kilicho karibu na vyoo vya shimo, ongezeni nitrati, ambayo kikomo chake cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita. Mpaka majibu yatoke, mama, chemsha ya kunywa, na maji yanayotangulia baada ya mgao mwaga au fulia.

*Nimesoma kwamba Riis aliwadharau wahamiaji aliodai kuwatetea. Kwa nini mnamsifu?*
— Msomaji, Toronto

Ni kweli. Kitabu chake cha 1890, How the Other Half Lives, kimejaa hukumu za jumla kuhusu Wachina, Wayahudi, Waitaliano na Waafrika Wamarekani, na Wachina ndio waliopata maneno mabaya zaidi. Wapangaji ndani ya kurasa zake mara nyingi wanatazamwa tu, hawasemi. Hatuna utetezi kwa hilo. Tunachukua njia yake ya kupima vyumba, maji na vyoo, kwa sababu vipimo vile viliwasaidia wapangaji wale wale aliowaandika vibaya. Dharau yake tunaitaja kwa sababu ilizaa kosa la vitendo tutakaloliona kwenye jibu linalofuata: hakuwauliza.

*Mtaa wetu umo kwenye mpango wa uendelezaji upya. Mulberry Bend iliendaje hasa, hatua kwa hatua, na sisi viongozi wa chini tudai nini mapema?*
— Mjumbe wa serikali ya mtaa, Dar es Salaam

Mwaka 1887 jimbo lilipitisha sheria iliyoliruhusu jiji kutumia hadi dola milioni 1 kwa mwaka kununua maeneo ya bustani ndogo kwenye mitaa iliyosongamana. Mulberry Bend ilikuwa kati ya mitaa ya Mulberry, Bayard, Baxter na Park. Ramani, tathmini na mabishano ya wenye nyumba yalikula miaka. Jiji lilipokwisha kuzinunua nyumba, halikuzibomoa mara moja: likawa lenyewe ndilo mwenye nyumba, likikusanya kodi kwenye majengo ambayo lilikuwa limeyatangaza hayafai kukaliwa na watu. Yalibomolewa katikati ya miaka ya 1890. Bustani, iliyochorwa na Calvert Vaux, ilifunguliwa Juni 1897. Miaka 10 tangu sheria.

Kipindi cha katikati ndicho cha kukisoma kwa makini. Kuta ziliondolewa, vyumba vya chini ya ardhi vikaachwa wazi. Vikawa mashimo ya maji yaliyotuama na jalala la nyumba za jirani, na watoto wakicheza humo. Idara ya usafi wa barabara ilisema eneo si lake. Idara ya bustani, iliyokuwa na dhamana, haikufanya kitu. Riis aliandika lalamiko rasmi kwa idara ya afya akilishtaki jiji lenyewe kwa kuweka kero ya afya mahali ambapo lilibomoa kero ya afya. Kazi ikaanza kusogea.

Hata bustani ilipofunguliwa, ilikuwa ya kutazama: nyasi hazikanyagwi, na Riis mwenyewe alichapwa fimbo na polisi kwa kuzikanyaga. Alitumia miaka iliyofuata kudai viwanja vya watoto kuchezea. Seward Park, kilichofunguliwa 1903, kilitokana na madai ya watu wa aina yake.

Na wapangaji? Wenye nyumba walilipwa. Wapangaji walifungasha wakaenda kubanana mitaa ya jirani, ambayo tayari ilikuwa imejaa. Wakati huo wadi ya 10, upande wa mashariki, ilikuwa na watu 522 kwa eka moja, kama 1,290 kwa hekta, kwa hesabu aliyoitumia Riis mwenyewe. Aliijua hesabu hiyo na bado mpango haukuwa na nyumba hata moja ya kuwapokea. Hilo ndilo kosa kubwa la Mulberry Bend, na lisingetokea kama swali la kwanza lingekuwa "wanahamia wapi?"

Kwetu swali hilo limejibiwa kwa namna tofauti. Wakazi wa Magomeni Kota waliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2010 kwa ahadi ya kurudi, na walirudishiwa ghorofa zenye makazi 644 zilizofunguliwa Machi 2022. Ahadi ilitimia, lakini kwa miaka hiyo yote walikuwa wakipanga kwingine, watoto wamehama shule. Nairobi, watu wa Soweto Mashariki, Kibera, walihamishiwa Lang'ata Septemba 2009 kwenye nyumba 600 za muda. Familia tofauti ziligawana nyumba moja ya vyumba 3, jiko na choo vya pamoja, na wengine wakapangisha nafasi zao wakarudi Kibera. Nyumba za kudumu 822 zilikabidhiwa 2016. "Muda" wa miaka 7 unahitaji kuandikwa kwenye mkataba kabla mtu hajafunga mzigo.

Kwa hiyo, ndugu mjumbe, dai haya kabla tingatinga halijawashwa. Orodha ya wapangaji, siyo ya wenye nyumba pekee: jina, chumba, tangu lini, ibandikwe ofisi ya mtaa siku 14 watu waikague, maana majina hewa huingia pale ambapo orodha imefichwa. Tarehe ya kurudi kwa maandishi, pamoja na kiasi kitakacholipwa kila mwezi ikichelewa. Jina la ofisi moja inayomiliki eneo kuanzia siku ya ubomoaji, na idadi ya siku za kuondoa kifusi na kufukia mashimo ya vyoo. Shimo la choo lililofunikwa kwa mabati tu litameza mtoto. Kwa Tanzania, fomu ya tathmini ionyeshe vipengele vyake kimoja kimoja: thamani ya ardhi na jengo, posho ya usumbufu, usafiri, makazi na faida iliyopotea. Fidia hiyo kwa kawaida humfuata mwenye nyumba, hivyo stahili ya mpangaji lazima idaiwe peke yake, isisubiri hisani.

*Nina nyumba ya kupangisha ya vyumba 8. Vyumba 3 havina dirisha kwa sababu nilijenga vingine uani. Bwana afya amenionya. Nifanye nini bila kubomoa yote?*
— Mwenye nyumba, Tanga

Nyumba yako ina tatizo lile lile la New York. Kiwanja cha kule kilikuwa futi 25 kwa 100, yaani kama mita 7.6 kwa 30.5. Kwanza waliweka nyumba ya mbele, kisha tamaa ya kodi ikaongeza nyumba ya nyuma uani, na mwanga wa zote mbili ukaisha. Sheria ya 1879 ilidai kila chumba cha kulala kiwe na dirisha, na kabla yake kidogo jarida moja la mafundi bomba lilikuwa limeandaa shindano la ramani. Aliyeshinda, James E. Ware, alibana jengo katikati ili pawe na uchochoro wa hewa kati ya nyumba na nyumba. Kila nyumba ilitoa inchi 28, kwa hiyo uchochoro wote ulikuwa chini ya mita 1.5 kwa upana, ukiwa na ghorofa 5 au 6 juu yake. Dirisha likawepo kisheria, hewa haikuwepo. Wapangaji walitupa taka humo, harufu ikarudi vyumbani, na moto ukitokea uchochoro ulifanya kazi ya dohani. Sheria ya 1901 ndiyo iliyoondoa ujanja huo: jengo jipya lisizidi asilimia 70 ya kiwanja cha kawaida, madirisha yafunguke barabarani au kwenye ua wa kweli, na kila makazi yawe na choo chake.

Somo kwako ni kwamba dirisha linalotazama ukuta wa karibu halitibu kitu. Pima umbali kutoka ukuta wa vyumba vyako vya ndani hadi ukuta wa vile vya uani. Kama kuna mita 2 au zaidi zisizo na paa, toboa. Ikiwa umeziba juu kwa mabati, ondoa mabati hayo kwanza. Ni ya bei nafuu kuliko kitu kingine chochote utakachofanya.

Eneo la dirisha lisipungue sehemu ya 10 ya sakafu, na angalau nusu yake ifunguke. Chumba cha mita 3 kwa 3 kina mita za mraba 9, kwa hiyo dirisha la sentimeta 90 kwa 100 linatosha. Wavu wa mbu hupunguza hewa sana, basi ongeza ukubwa kama unaweka wavu mzito. Kutoboa ukuta wa tofali ni kazi ya fundi: aegemeze paa kwanza, aache angalau sentimeta 60 kutoka kwenye kona, na linta (boriti ya juu ya dirisha) izame ukutani sentimeta 20 kila upande. Ufa wa mshazari unaotokea juu ya kona ya dirisha jipya mara nyingi unatokana na linta fupi au egemeo lililotolewa mapema.

Dirisha moja bila mahali pa kutokea hewa hufanya kazi nusu. Weka tundu la sentimeta 30 kwa 75 juu ya mlango, hewa ipite hadi koridoni na nje. Chumba ambacho hakiguswi na hewa ya nje hata upande mmoja kifanye stoo. Usikipangishe mtu kulala, na mpangaji yeyote asiruhusiwe kuingiza jiko la mkaa ndani wakati wa baridi: gesi yake haina rangi wala harufu, na huua watu usingizini.

Kuhusu idadi, sheria ile ya 1901 ilidai futi za ujazo 400 kwa mtu mzima na 200 kwa mtoto. Futi 400 ni kama mita za ujazo 11.3. Chumba cha mita 3 kwa 3 chenye dari la mita 2.6 kina mita za ujazo 23.4: watu wazima 2, basi. Kipimo cha kimataifa, kinachohesabu zaidi ya watu 3 kwa chumba kuwa msongamano, ni kilegevu kuliko hicho.

*Sisi ni kikundi cha vijana. Tunataka kufanya kama Riis kwa mtaa wetu, lakini hatuna gazeti. Tuanzie wapi?*
— Kikundi cha vijana, Mathare

Anzieni na kizuizi kimoja cha nyumba, yaani kundi la nyumba lililozungukwa na mitaa pande zote, siyo kata nzima. Mwaka 1900 Lawrence Veiller, aliyefanya kazi na watu wa upande wa Riis, aliandaa maonyesho ya nyumba za kupanga New York. Alitengeneza mfano wa kadibodi wa kizuizi kimoja tu, kati ya mitaa ya Chrystie, Forsyth, Canal na Bayard, na pembeni akaandika: nyumba 39, makazi 605, watu 2,781, vyoo 264, makazi yenye maji ya moto 40. Mtu aligawanya mwenyewe kichwani: watu zaidi ya 10 kwa choo kimoja. Roosevelt, wakati huo gavana, aliunda tume mwaka huo huo, na sheria ya 1901 ikafuata. Miaka kumi ya picha za Riis iliwaandaa watu. Hesabu ya Veiller ndiyo iliyoingia kwenye vifungu vya sheria.

Fomu yenu iwe ukurasa mmoja: vipimo vya chumba pamoja na urefu wa dari, waliolala humo usiku wa jana, madirisha yanayofunguka nje, kodi kwa mwezi, choo wanachotumia na umbali wake kwa hatua. Ulizeni "waliolala jana", msiulize "mnaishi wangapi", maana swali la pili linajibiwa kwa hofu ya mwenye nyumba. Vyoo hesabuni vile vinavyofanya kazi tu, na mhesabu foleni kati ya saa 11 na saa 1 asubuhi. Chumba kimoja kati ya kila 10 kirudiwe na mtu mwingine ambaye hajaona jibu la kwanza. Kama majibu yanapishana sana, tatizo ni mhoji au swali, na lirekebishwe kabla ya kuendelea.

Ramani ya msingi ipo tayari kwa mitaa mingi: Map Kibera walianza 2009, Ramani Huria ya Dar es Salaam 2015, na kazi ya namna hiyo hutumia ramani huru ambayo yeyote anaweza kuihariri kwa simu. Ongezeni mitaro, vyoo, mabomba na taa. Veiller aliweka nukta kwa kila mgonjwa wa kifua kikuu kwenye nyumba yake. Ninyi msifanye hivyo. Jumlisheni kwa kizuizi kizima na muonyeshe idadi pale tu inapofika wagonjwa 5 au zaidi, la sivyo jirani atajua ni nani na mgonjwa ataacha kwenda kliniki.

Mkimaliza, tengenezeni karatasi moja: hesabu 6, picha 2, ramani 1, na ombi moja lenye ofisi moja inayohusika, kwa mfano vyoo 4 mahali fulani. Ombi lenye mambo kumi hupelekwa idara kumi na hakuna inayojibu. Pelekeni nakala mbili, ya kwenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na ulizeni pale pale jina la afisa atakayelishughulikia na siku ya kurudi. Siku hiyo rudini watu wawili, mmoja aandike yanayosemwa. Hesabu ya vyoo na foleni irudiwe baada ya miezi 6 kwa fomu ile ile bila kubadilisha neno, ili namba za mwanzo na za mwisho zilinganishwe.